Kikombe kwanza, halafu uji

Nimesoma habari inayosema Helen Keller, msichana wa Marekani aliyekuwa haoni wala hasikii, alifunguka akili siku moja tu, kwenye pampu ya maji, mwaka 1887. Kweli, maji yalimwagikia mkono mmoja huku mwalimu wake, Anne Sullivan, akimwandikia herufi kwa vidole kwenye mkono wa pili. Lakini kabla ya siku hiyo Sullivan alikuwa amemwandikia herufi hivyo karibu mwezi mzima, mtoto akiigiza tu bila kuelewa. Huo mwezi ndio mwandishi ameuruka.

Mtoto wa dada yangu, hapa Kadutu, Bukavu, haoni wala hasikii tangu kuzaliwa. Tulianza na kikombe cha plastiki chenye mkono uliovunjika. Kabla ya uji, akishike kwanza, kiwe ishara kwamba uji unakuja. Kila siku, kikombe kilekile. (Shangazi yake alikitupa siku moja akidhani ni takataka, ikawa vita nyumbani.) Mkono wangu nauweka chini ya wake, simvuti, akitaka kuuondoa, auondoe. Miezi ikapita, mimi mwenyewe nikachoka.

Asubuhi moja akatambaa mpaka kwenye beseni la vyombo, akapapasa sahani, vijiko, akakipata. Akaja kunigonga nacho gotini. Uji ulikuwa haujaiva hata.