Mlango Niliung'oa, Sikuuvunja

Najua mmeshasikia. Rafiki yangu wa Kayole, yule asiyeweza kutunza hata siri ya bei ya nyanya, amewasimulia kwamba nilivunja mlango wa bafu nikatoka mbio, uchi, mbele ya mwenye ploti ninayopanga. Habari hiyo ina makosa mawili. Mlango haukuvunjika, na sikutoka mbio. Mtu aliyebeba mlango hakimbii.

Kundi letu la WhatsApp mnalijua. Ndilo lililofundisha nusu yenu kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456, pesa zikienda kwa mtu baki, na kupaka povu la sabuni kwenye regyuleta ya gesi badala ya kutafuta mvujo kwa kiberiti. Uliza jambo ukiwa umemimina chai, kabla haijapoa umejibiwa na fundi, nesi na mchungaji. Kwa hivyo kitasa cha bafu kiliponigomea Jumamosi asubuhi, sikupiga mayowe. Niliandika.

Kitasa chenyewe ni vile vya mikono miwili, wa ndani na wa nje, iliyounganishwa na chuma chembamba cha pembe nne kinachopita katikati, unene wa milimita 8 hivi. Kuna skrubu ndogo pembeni inayouzuia mkono usichomoke. Ikilegea, mkono unachezacheza na mwisho unachomoka, na bila mkono ule ulimi wa kitasa haurudi ndani. Ya kwangu ililegea zamani, nikawa naishi nayo kwa amani. Siku hiyo nilivuta, mkono ukabaki kiganjani. Wa nje ukaanguka sebuleni na kile chuma chake, ting! Taulo liko juu ya paa kwenye kamba. Simu ninayo, maana mimi huoga na redio. Betri, asilimia 11.

Dada wa Rongai ndiye aliyewahi kujibu: chomeka kadi ya benki kati ya mlango na fremu, usukume ulimi. Ni ushauri mzuri, ila unafaa pale ulimi unapokutazama kwa upande wake uliokatwa mshazari. Mlango wangu unafunguka kuingia bafuni, kwa hivyo aliye ndani anapewa upande bapa, na hapo kadi inagota tu. Halafu dada, nani anaoga na kadi ya benki?

Nesi akaja: lile tundu la pembe nne, ingiza kitu chochote kinachokaza, uzungushe. Nikaingiza mpini wa mswaki. Ukakaza vizuri kabisa. Nikazungusha, ukakatikia ndani. Sasa nina mlango usiofunguka, tundu lililozibwa, na mswaki wa nusu. Mchungaji akatuma mikono miwili iliyokutana.

Ndipo jamaa mmoja, fundi wa jua kali Kamukunji, akatuma ujumbe wa sauti, mrefu, nyuma yake nyundo zinalia. Akasema, kaka, achana na kitasa, angalia bawaba. Mlango ukifunguka kuja kwako, bawaba ziko upande wako. Kama pini ina kichwa juu na chini kuna tundu, inatoka. Kama imegongwa ikapanuliwa ncha zote mbili, kaa chini usubiri fundi. Nikaangalia. Bawaba tatu za inchi 4, vichwa juu, tundu chini. Nilitamani kumkumbatia.

Akaendelea: pakaza sabuni. Gonga kutoka chini kwenda juu, kwa msumari mwembamba kuliko pini. Anza na bawaba ya chini, kisha ya kati, ya juu iwe ya mwisho, kwa sababu ukianza na ya juu mlango unainama na kuzibana zilizobaki. Msumari niliung'oa uliokuwa umeshikilia kioo. Nyundo ilikuwa ule ule mkono wa kitasa. Ya chini ikatoka. Ya kati ikalia, ikatoka. Jamaa yuko sikioni: "Sasa ile ya juu, kabla hujaitoa, hakikisha kwanza..."

Simu ikazima.

Msiyoyajua, na nisiyoyajua wakati ule: rafiki wa Kayole alikuwa amempigia keateka, yule mtunzaji wa ploti. Keateka alikuwa ghorofa ya pili, yeye na mwenye ploti wanamwonyesha binti mmoja nyumba. Wakachukua ufunguo wa akiba wakaja wote. Njiani wakaokota mama mboga wa getini, ambaye aliambiwa kuna mtu amefungiwa na majambazi, akaja na kisu cha kukatia sukumawiki. Walibisha mlango mkuu. Mimi nagonga pini, nitasikiaje?

Pini ya juu ikaanza kupanda. Nusu. Robo tatu. Nikaweka msumari chini, nikaishika kichwa kwa vidole viwili, nikainyonga taratibu. Ikatoka laini, na sabuni yake. Nikavuta mlango upande wa bawaba, ukaja. Ulimi ukachomoka kwenye fremu wenyewe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwenye ploti wetu hakuweka mlango mwepesi wa plaiwudi. Aliweka mbao nzima. Uzito wote ukanilalia kifuani. Nikaukumbatia, nikarudi hatua moja, sakafu ina sabuni, mguu ukateleza, nikajikaza, nikaenda mbele. Nikatokea sebuleni na mlango mikononi.

Wako wanne. Wamejipanga kwa kimo.

Hakuna aliyesema kitu. Mlango, nilivyoushika mshazari, unafunika kuanzia kidevu hadi magotini, ila kwa kuwa naubeba, unashuka. Nikiuinua, magoti yanatoka. Nikiuacha, wacha tu. Mabegani povu linaniteremka.

"Habari ya asubuhi, mzee," nikasema.

"Kijana," akasema mwenye ploti, "weka mlango chini."

"Mzee, siwezi."

Akanitazama. Akautazama mlango. Akanitazama tena, nikaona amefika mahali. Keateka naye badala ya kuangalia kando akainama kukagua bawaba, akasema kwa heshima, "Umeanza na ya chini. Safi." Binti wa kuonyeshwa nyumba alikuwa anasoma dari. Mama mboga ndiye aliyeniokoa, lakini kwanza alinitangaza: "Wooi! Si huyu ni wa sukuma ya ishirini!" Kisha akafungua leso kiunoni akanirushia. Leso ikatua juu ya mlango. Upande wao.

Mengine ni mafupi. Waligeuka, nikavaa leso, mlango ukarudishwa pini kwa pini, kitasa kipya nikanunua mimi. Leso nimeifua nikairudisha na oda ya sukuma ya mia. Jamaa wa Kamukunji, simu ilipopata chaji, nilimalizia sauti yake: "...hakikisha kwanza umevaa, na kuna mtu wa kukushikia."

Binti alichukua ile nyumba ya ghorofa ya pili. Wa Kayole keshamwongeza kwenye kundi. Hakusalimia wala kujitambulisha. Alituma picha ya bawaba za bafu lake, akauliza kama hizo ni za pini inayotoka.