Asidi ya foliki Kigoma: maharage, unga au kidonge?

Wapo wanaohoji kwa nini mkoa unaolima maharage kwa wingi, kuanzia Kasulu hadi Buhigwe na Kibondo, uhimizwe kutumia asidi ya foliki, yaani vitamini B9 ya kiwandani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Gramu 100 za maharage mekundu yaliyopikwa zina takribani mikrogramu 130 za foleti, yaani vitamini B9 katika umbo lake la asili, na mboga za majani huongeza kiasi kingine. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 400 kwa siku, na mjamzito 600. Hata hivyo, foleti huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto, hivyo anayechemsha maharage kwa saa nyingi kisha akamwaga maji yake hupoteza sehemu kubwa ya kile alichokitafuta. Isitoshe, mwili hufyonza takribani nusu tu ya foleti ya chakula, ilhali asidi ya foliki iliyochanganywa kwenye chakula hufyonzwa kwa takribani asilimia 85.

Hoja ya maharage hudhoofika zaidi tukitazama muda. Mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambao wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi au bila sehemu kubwa ya ubongo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hilo, walipotumia miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo, hatari ya kujirudia ilipungua kwa asilimia 72. FEFO, kidonge cha madini ya chuma na asidi ya foliki anachopewa mama akianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne, humsaidia sana katika damu, lakini kwa mgongo wazi kimeshachelewa.

Ndiyo maana Marekani iliamua kuongeza asidi ya foliki kwenye nafaka kuanzia mwaka 1998, na kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zikagusa unga wa ngano na wa mahindi. Naunga mkono uamuzi huo, ila kwa Kigoma una pengo kubwa. Ugali wa kaya nyingi hapa ni wa muhogo, na hata wa mahindi hutokana na debe linalobebwa kichwani hadi mashine ya kusaga ya mtaani, likasagwa, unga ukachekechwa na kurudi nyumbani bila kupita mahali popote pa kuchanganya virutubishi. Kirutubishi kilichomo kwenye mfuko wa dukani hakimfikii mama huyu.

Upande wa pili una hofu ambazo nazichukulia kwa uzito. Asidi ya foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12: damu ikaonekana imepona huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na kwa sababu hiyo mtu mzima hushauriwa asizidishe mikrogramu 1,000 kwa siku bila ushauri wa daktari. Utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2006 nao ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufariki, katika eneo lililokuwa na malaria nyingi. Lawama nyingi zilielekezwa kwenye chuma, lakini onyo lilibaki.

Kwangu hofu hizo zinadai kipimo sahihi, wala hazitoshi kuwanyima wasichana na wanawake kinga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge cha wiki, chenye chuma miligramu 60 na asidi ya foliki miligramu 2.8, kwa wanaopata hedhi mahali penye upungufu mwingi wa damu. Njia hiyo inaweza kupita shuleni na kwa wahudumu wa afya vijijini, kabla mimba haijaingia. Mwanamke akishakuwa mjamzito, tahadhari ya Kigoma ni SP, dawa ya kumkinga na malaria, ambayo hufanya kazi kwa kumzuia kimelea kutengeneza na kutumia foleti. Asidi ya foliki ya miligramu 0.4 kwa siku haina tatizo nayo, lakini ya miligramu 5 huidhoofisha, kwa hiyo anayenunua vidonge duka la dawa asome kipimo kwenye pakiti na amweleze muuguzi kabla ya kumeza SP.