Kuunganisha poti za swichi: lawama isiyo na haki

Mafundi wa mitandao wana lalamiko moja lisilokwisha kuhusu LACP, itifaki ya kuunganisha poti kadhaa ziwe kama njia moja: "Nimeunganisha poti mbili za gigabiti moja moja kati ya swichi na seva, LACP inafanya kazi, lakini nikinakili faili kubwa kasi haivuki gigabiti moja." Kinachofuata ni hukumu kwamba mambo haya ni kupotezeana muda, bora ununue poti ya gigabiti 10 uachane nayo. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, ila inaidai LACP ahadi ambayo haikuitoa.

Kiwango cha IEEE 802.3ad cha mwaka 2000, ambacho siku hizi ni 802.1AX, kinataka fremu (vifurushi vya data) za mazungumzo mamoja kati ya vifaa viwili zifike kwa mpangilio uleule zilivyotumwa. Zikigawanywa moja huku nyingine kule, ya nyuma inaweza kufika mbele. Mpokeaji wa TCP, itifaki inayohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio, akikosa pakiti (data iliyobebwa ndani ya fremu) iliyotakiwa kufuata, anarudia ithibati ileile ya kupokea. Zikifika tatu za marudio, mtumaji anaamini pakiti imepotea, anaituma upya na kupunguza mwendo, ingawa hakuna kilichopotea. Linux ina hali ya balance-rr inayogawa pakiti kwa zamu, na waliojaribu kuipitishia TCP wanaijua adha hiyo.

Ndiyo maana swichi hupiga hesabu kwa kutumia anwani za mtumaji na mpokeaji, na jibu ndilo linalochagua poti. Faili moja, jozi moja ya anwani, poti moja. Lakini wafanyakazi 60 wakiifungua seva hiyohiyo asubuhi, jozi zinakuwa nyingi na poti zote mbili zinabeba mzigo. Mtandao wa ofisi uko hivyo siku nzima. Jaribio la faili moja halifanani nao.

Mara nyingi kasoro iko kwenye aina ya hesabu iliyochaguliwa. Swichi ya tabaka la 3 (inayoelekeza data kati ya mitandao kama ruta) ikiungwa na ruta kwa poti mbili na kuachwa itazame MAC tu, yaani anwani za vifaa viwili vilivyoungana moja kwa moja, kila fremu inabeba MAC ya swichi na MAC ya ruta, jozi ileile kwa jengo zima. Poti moja inafurika, ya pili inakaa bure. Tiba ni kuiambia itazame IP, yaani anwani za kompyuta zinazowasiliana mwanzo na mwisho wa safari, na namba za poti za TCP (za programu, si matundu ya kebo) kama inaweza.

Wanaotetea gigabiti 10 wana haki kwenye bekapu ya usiku kutoka seva moja kwenda hifadhi moja: hapo LACP haisaidii. Tena wana haki wakisema kebo mbili zilizochomekwa swichi moja zinakufa pamoja swichi ikizima.

Hata hivyo, poti moja ya gigabiti 10 ni njia moja. Kati ya swichi mbili, ukiongeza kebo ya pili bila kuziunganisha, spanning tree (itifaki ya swichi inayofunga njia za ziada) itaifunga ili fremu zisizunguke bila mwisho, nawe umelipia kebo inayosubiri msiba. Zikiunganishwa zote zinafanya kazi, na moja ikikatika mazungumzo yake yanahamia nyingine, watumiaji wengi wasijue. LACP inaona hata kukatika kusikozima taa. Faiba ikikatika nyuma ya kigeuzi cha faiba (kifaa kinachounga kebo ya shaba na faiba), poti ya swichi inaweza kubaki imewaka, na muungano usio na LACP ukaendelea kumwaga fremu shimoni. LACP isiposikia upande wa pili inaitoa poti hiyo: baada ya sekunde 90 kwenye mpangilio wa polepole, 3 kwenye wa haraka.

Basi anayepanga apime matumizi ya saa za kazi. Poti mbili zikijaa asilimia 60 kila moja, siku moja ikikatika iliyobaki itatakiwa kubeba asilimia 120. Ofisi ya namna hiyo inahitaji gigabiti 10 kweli, na ninashauri inunue poti mbili, kisha iziunganishe.