"Itazoea" si dawa ya amortiseri

Kuna neno moja linanichosha katika magaraji ya Goma, na wala si tusi. Ni "itazoea". Mtu ametoa dola zake, amefungiwa amortiseri mbili mpya za mbele (vile vyuma vinavyomeza mishtuko ya barabara), anakata volani, yaani usukani, ili aingie barabarani, na gari inalia: kwiii, kwiii, halafu tong! Tshukudu yenye mzigo wa viazi ina sauti nzuri kuliko hiyo, na tshukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Anarudi papo hapo. Fundi anapangusa mikono: "Patro, ni mpya, itazoea."

Itazoea nini? Amortiseri si kiatu.

Haya, shingo upande nakubali kitu kimoja: raba mpya inaweza kulia siku mbili tatu mpaka ikae mahali pake. Lakini hiyo ni sauti ndogo, na kesho yake inakuwa ndogo zaidi. Sauti inayoongezeka, au inayokuja pamoja na mruko unaousikia mpaka kwenye volani, hiyo haizoei kitu. Inakula vyuma.

Na karibu kila mara kosa halimo ndani ya amortiseri yenyewe. Liko juu yake, kwenye kupeli (kile kikombe kinachoishika kwenye bodi) na bute (beringi yake). Kwenye Corolla, RAV4, Vitz na ndugu zao, ukikata volani amortiseri nzima inazunguka pamoja na resori (springi) yake, na kinachoiruhusu kuzunguka ni ile bute ndogo iliyojificha chini ya kupeli. (Prado tuiache pembeni, amortiseri zake za mbele hazizunguki na volani, ikilia, tafuta kwingine.) Sasa bute imekaa miaka kwenye barabara zetu za mawe ya lava, imekunywa lile vumbi jeusi linalokwaruza kama msasa, gresi yake imekauka. Fundi anaivua, anaipuliza kwa mdomo, anairudisha juu ya amortiseri mpya. Volani ikikatwa, bute inagoma. Resori inajisokota kama kamba, inakusanya nguvu, halafu inaruka kwa ghafla. Huo mruko ndiyo ile tong.

Kuitambua hakuhitaji mashine. Gari ikae chini, magurudumu yote yakanyage ardhi, mota iwake. Mtu mmoja akate volani polepole kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Wewe laza kiganja kwa nje ya resori. Usiingize vidole kati ya mizunguko yake, unavihitaji. Resori nzima inapaswa kuzunguka taratibu pamoja na gurudumu. Ikikaa, ikatetemeka, halafu ikaruka chini ya kiganja chako, kesi imekwisha: ama bute imekufa, ama imewekwa juu chini, ama resori haikukaa kwenye kiti chake.

Hilo la kiti mafundi wengi wanalipita haraka. Kikombe cha chini cha amortiseri kina ngazi ndogo, na mkia wa resori unapaswa kuegemea pale. Ukiachwa mbali na ngazi, tuseme zaidi ya sentimita moja, gari ikipakia watu resori inatafuta mahali pake yenyewe, na inapiga kelele ikitafuta. Raba ya juu na ya chini ya resori nazo zinasahaulika chini ya meza ya kazi. Chuma juu ya chuma, halafu tunashangaa inalia.

Bute ikiwa mkononi, iweke mezani, igandamize kwa kiganja na uizungushe. Ikikwaruza hata kidogo, au ikishika mahali fulani, itupe. Si ya kupaka gresi, ni ya kutupa. Na hapa silaumu mafundi peke yao, maana wateja ndio wa kwanza kusema "ile ya juu bado nzima, rudisha tu". Unanunua amortiseri mpya mbili, halafu unabana dola chache za kupeli mbili na bute mbili, wakati kazi ya kuzifikia ni ile ile: kushusha kila kitu na kubana resori kwa vyombo vya hatari. Utalipa kazi hiyo mara mbili. Amortiseri za okazyo zinazouzwa zikiwa nzima na resori yake zina ugonjwa huo huo tayari: bute yake imefanya kazi kwenye gari nyingine, hujui kilomita ngapi.

Nati ya katikati nayo ina hadithi yake. Mti wa amortiseri ukizunguka wakati wa kukaza, kuna mtu ataushika kwa koleo kwenye sehemu ile inayong'aa. Mkwaruzo mdogo tu pale unachana mpira unaozuia mafuta yasitoke, na baada ya muda mfupi amortiseri mpya inatoka jasho. Nati ikiachwa legelege kwa kuogopa hilo, inapiga ko! kwenye kila jiwe la njia ya Ndosho. Juu ya mti huo kuna nafasi ya kushikia kwa kle (spana). Ndiyo kazi yake.

Kama volani haileti sauti, ila gari inalia ikipanda na kushuka kwenye mashimo, geukia silabloki za mkono wa chini, zile raba zilizobanwa ndani ya chuma kinachoshika gurudumu. Buloni zake zikifunguliwa ili kupata nafasi, halafu zikakazwa gari ikiwa juu ya kriki (jeki), magurudumu yakining'inia, raba inafungwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari ikishuka, raba inabaki imesokotwa siku nzima: inalia leo, inapasuka kesho. Dawa ni kulegeza buloni hizo, kushusha gari ikae kwa uzito wake, kuitikisa, ndipo kukaza mara ya mwisho.

Ko-ko-ko ya haraka kwenye mawe madogo ni bieleti, vile vijiti vya chuma vinavyoshika bari (chuma cha kuzuia gari isilale kwenye kona). Zifungue zote mbili, tembea polepole mita mia. Kimya kikija, umempata mwizi. Kukwaruza kunakofuata mzunguko wa gurudumu ni kile kibati cha nyuma ya diski kilichokunjwa wakati wa kazi. Tak-tak ukikata kona huku unatembea ni kadani, ule mti unaozungusha gurudumu, na haihusiani na amortiseri hata kidogo.

Raba inayolia unaikamata kwa maji. Chupa yenye tundu kwenye kifuniko: lowesha raba moja, tikisa gari, sikiliza, nenda kwa nyingine. Ile ikinyamazisha kelele ndiyo yenyewe. Ndiyo maana gari nyingi hapa zinanyamaza mvua ikinyesha na kuanza wimbo jua likiwaka.

Lakini maji ni ya kupima tu, na mazuti (dizeli) si ya chochote. Naomba jamani, kwa moyo wote: acheni kupulizia raba mazuti na oili chafu ya mota! Gari inanyamaza wiki moja, mteja anafurahi, na ndani raba inavimba na kulainika kama mkate kwenye chai. Pahali panapohitaji mafuta, kama raba za bari, ni gresi ya silikoni.

Jambo la mwisho, paralelisimu, yaani kunyoosha magurudumu. Kwenye Corolla na wenzake, buloni mbili za chini za amortiseri zina nafasi ndogo ya kucheza, kwa hiyo zikifunguliwa mlalo wa gurudumu unaweza kubadilika. Mafundi, mnavuta kamba kutoka gurudumu la nyuma kwenda la mbele, mnasema "iko sawa". Kamba inaona gurudumu linaloangalia kulia au kushoto. Gurudumu lililolala kuelekea ndani haiwezi kuliona, na tairi linaendelea kuliwa upande ambao hakuna anayeinama kuutazama.