Unanunua lori lenye kitanda

Kila anayeniuliza habari za gari-nyumba, yale makubwa ya mita 10 na kuendelea, huanzia jikoni. Kitanda kina upana gani? Kochi linakunjuka? Bafuni kuna maji ya moto? Namwacha amalize, kisha namuuliza kama ameinama akatazama matairi. Kimya.

Mimi naona mgeni wa mambo haya angesahau kitanda kwanza. Kitanda hakijawahi kumgonga mtu.

Mkia wa gari ndio ulionifunza. Nilikuwa natoka kujaza dizeli, nikakata kulia, macho yote kwenye kioo cha kulia nisije nikaparamia ukingo. Nikasikia mkwaruzo upande wa kushoto. Kumbe kile kipande kirefu kinachobaki nyuma ya magurudumu ya nyuma huenda upande usioutazama: ukikata kulia, chenyewe kinatupwa kushoto, na kushoto palikuwa na nguzo ya chuma. Mlango wa buti ulibonyea kama sufuria ya zamani.

Basi tafuta uwanja mtupu. Weka ndoo karibu na kona ya nyuma, kata usukani upande wa pili mpaka mwisho, sogea taratibu huku ukitazama kioo cha upande wa ndoo. Ikianguka, umeelewa kuliko maelezo yangu yote. Na kama gari lako lina uso wa basi, wewe unakaa mbele ya magurudumu ya mbele. Utahisi umeshaipita kona ndipo uanze kukata.

Uzito nao huwaponyoka wengi. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 300 likijaa umepakia kilo 300 kabla hujaingiza hata sahani. Lipime kwenye mizani likiwa na kila kitu, watu pia, halafu linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji.

Matairi ya magari haya huzeeka yakiwa yamesimama, hayana kipara wala nini. Soma tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na DOT kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji atakuambia bado mapya. Soma mwenyewe.

Kwenye mteremko, shusha gia ukiwa bado juu. Urefu wa gari kwenda juu, pamoja na kiyoyozi cha paani, uandike ubandike mbele ya usukani.

Choo? Usiache valvu ya tangi lake wazi. Maji yatatoka, kinyesi kitabaki na kukauka kama kichuguu, na kichuguu hicho utakibomoa wewe.

Kurudi nyuma sijawahi kukuzoea. Mke wangu hushuka akawa utingo, na tumekubaliana jambo moja: nikimkosa kwenye kioo, nasimama. Juzi alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu.