Babu Mwenye Shoka Hakulisha Ng'ombe

Kila ranchi ya familia kwenye milima ya Colorado, jimbo la Marekani, ina historia yake, na karibu zote ni ileile. Babu alikuja na farasi wawili na shoka, akajenga kibanda cha magogo, akavumilia baridi, ng'ombe wakaongezeka. Wakila nini? Hapo kimya.

Tupige hesabu. Sheria ya Homestead ya 1862, ya kugawa ardhi ya serikali kwa walowezi, ilimpa mtu ekari 160 akiishi hapo na kulima miaka 5. Kwenye nyanda kavu za juu, ng'ombe na ndama wake wanaweza kuhitaji ekari 30 za malisho kwa mwaka. Ekari 160 basi ni ng'ombe 5. Hiyo si mifugo, ni kitoweo.

Ranchi ilisimama kwa sababu ya mfereji. Theluji ikianza kuyeyuka mwezi Mei, maji huchepushwa mtoni, hufuata ubavu wa kilima, kisha huachiwa yafurike kondeni ili majani ya ng'ombe yaote. Mteremko ukizidi, maji yanakula kingo. Ukipungua, tope linajaa na koleo halipumziki. Majani hukatwa mara moja tu, Julai au Agosti, maana joto ni la muda mfupi. Ng'ombe wa kilo 550 hula kama kilo 13 za majani makavu kwa siku, na theluji ikilala miezi 5, kila kichwa kinataka tani 2 ghalani. Waliotegemea malisho ya wazi kule majimbo ya Montana na Wyoming walijua gharama yake majira ya baridi ya 1886–87, mizoga ilipotapakaa.

Na kila mfereji una tarehe yake. Kwa katiba ya Colorado ya 1876, aliyewahi kuyatumia maji ndiye mwenye haki kubwa zaidi. Ukame ukija, mwenye tarehe ya 1882 anamwagilia, wa 1890 anafunga lango lake huku mto unapita mbele ya nyumba. Usipoyatumia miaka 10, unahesabiwa umeyatelekeza, mpaka uthibitishe vinginevyo.

Haya, kibanda nacho kilikuwa kazi, sikatai. Lakini "tulijitegemea"? Kiangazi ng'ombe walipanda msitu wa serikali, kwa kibali, na ada kuanzia 1906. "Ardhi tupu" nayo? Waute, wenyeji wa asili, wengi wao wa magharibi mwa jimbo walihamishwa kwa nguvu kwenda Utah mwaka 1881.

Hati za kwanza za ardhi zimewekwa mtandaoni, bure. Hukumu ya maji, yaani uamuzi wa mahakama unaothibitisha haki ya maji, inataja tarehe na kiasi kwa futi za ujazo kwa sekunde. Mkitaka historia ya kweli ya ranchi yenu, anzeni hapo, na msishangae mkikuta mfereji ulichimbwa na mtu mwingine kabisa, akamuuzia babu, akaenda zake.