Betri za sodiamu: chumvi si tatizo, elektrodi ndiyo

Tangu bei ya lithiamu ipae mwaka 2022, kuna hoja inayorudiwa kila mahali: chumvi, ambayo ndani yake mna sodiamu, imejaa baharini, basi betri za sodiamu zitauzwa kwa bei ya kutupa. Nusu yake ni kweli. Sodiamu iko tele, hakuna nchi inayoweza kuihodhi. Lakini anayenunua betri halipii ioni peke yake, yaani chembe yenye chaji inayobeba umeme ndani ya betri. Analipia pia elektrodi za kuipokea na kuiachia ioni hiyo maelfu ya mara bila kuchakaa.

Tuanze na anodi, elektrodi hasi, maana ndiyo yenye mgogoro. Betri ya lithiamu hutumia kinywe (grafiti), madini yaleyale ya Lindi na Mahenge. Sodiamu haikai ndani ya kinywe. Wengi husema ni kwa sababu ioni yake ni kubwa. Mbona potasiamu ni kubwa zaidi na inaingia? Shida ni kwamba muungano wa sodiamu na kinywe hautulii kikemia. Mwaka 2000, watafiti Stevens na Dahn huko Kanada walionyesha kuwa kaboni ngumu, ambayo tabaka zake zimevurugika, hubeba chaji ya takriban mAh (miliampia-saa) 300 kwa gramu. Kinywe kwa lithiamu hufikia 372.

Kaboni hiyo hutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi, vinavyookwa kwa zaidi ya nyuzi 1,000 bila hewa. Inavutia, hasa kwa sisi wa pwani, ila nisingekimbilia kukusanya vifuu. Kiwanda kinataka malighafi isiyobadilika, na kiasi cha majivu katika vifuu hakilingani. Tena chaji ya kwanza humeza sodiamu ambayo hairudi, na kathodi, elektrodi chanya, ndiyo inayofidia.

Kwenye kathodi kuna nafuu. Kuna aina tatu kuu za kemikali zake. Oksidi za tabaka zina nishati nyingi ila huchukia unyevu. Fosfeti za chuma zinadumu, nishati yake ni ndogo. Nyeupe ya Prussia ni ya bei nafuu, lakini maji yaliyojificha ndani ya fuwele zake ni kazi kuyatoa.

Watetezi wana hoja nzito pia. Upande wa anodi, karatasi ya alumini inachukua nafasi ya shaba, ambayo ni ghali zaidi. Kampuni ya betri ya CATL ya China ilitangaza Aprili 2025 betri ya sodiamu ya Wh (wati-saa) 175 kwa kilo, inayofanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Wanaohofia kwamba sodiamu itaua soko la kobalti ya Kolwezi, Kongo, wamechelewa: betri za lithiamu zenye fosfeti ya chuma zilishaiacha.

Adui mkubwa wa sodiamu ni bei ya lithiamu: ikishuka, faida ya sodiamu hupungua. Tani ya kaboneti ya lithiamu nchini China ilikaribia yuan 600,000 mwishoni mwa 2022, kisha ikashuka chini ya 100,000. Natron, kampuni ya betri za sodiamu ya Marekani, ilifungwa Septemba 2025.

Kwa kuhifadhi umeme wa jua, ambako uzito si hoja, naipa sodiamu nafasi nzuri. Kwa magari ya safari ndefu, bado. Na fedha za utafiti ningezielekeza kwenye kaboni ngumu kabla ya kutafuta kathodi nyingine.